Likizo Brussels kwa ndugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na familia za Lubumbashi

Majibu haya ni ya familia inayotoka Lubumbashi kwenda kukaa wiki chache nyumbani kwa ndugu, Brussels au pembeni yake, kwa visa ya Schengen ya muda mfupi. Anayekwenda kusoma, kufanya kazi au kumfuata mume au mke moja kwa moja ana njia yake nyingine, na faili lake halifanani na hili.

Tunataka kwenda likizo kubwa ya watoto. Tuanze lini?

Januari. Shule hufunga mwanzoni mwa Julai na kufungua Septemba, na kwenye karatasi hesabu inaonekana rahisi: faili la visa linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na jibu hutakiwa kutoka ndani ya siku 15, ingawa faili lenye mashaka linaweza kukaa hadi siku 45. Muda huo si tatizo. Kinachokula miezi ni karatasi za kabla ya hapo: akti za kuzaliwa, pasipoti za watoto, na sahihi za kuhalalisha ambazo nyingi hupatikana Kinshasa.

Kuna mtego hapa. Karatasi za Kongo huchukua muda mrefu kutoka, lakini ile ya ndugu wa Ubelgiji (prise en charge, tutaieleza chini) huchakaa upesi: haitumiki tena miezi 6 ikipita tangu isainiwe. Ukiiagiza Desemba kwa haraka yako, akti ya mtoto ikachelewa, unarudi kumwomba ndugu apoteze siku nyingine ya kazi. Kwa hiyo pasipoti na akti kwanza, Januari hadi Machi. Prise en charge mwezi wa nne. Faili lote mwezi wa nne mwishoni au wa tano.

Faili tunaliweka Lubumbashi au Kinshasa?

Ubelgiji ina Konsula Kuu Lubumbashi, na Kinshasa kuna Kituo cha Visa cha Ulaya ambacho watu wengi wanakiita Maison Schengen. Utaratibu wa rendez-vous (miadi) hubadilika, basi usikate tiketi ya ndege ya ndani kabla hujasoma kwenye tovuti ya Konsula mahali faili la wakazi wa Haut-Katanga linapopokelewa wakati huo. Mtu wa miaka 12 na zaidi lazima afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, isipokuwa kama alizitoa kwa visa ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Na achana na vijana wa mlangoni wanaouza rendez-vous.

Prise en charge ni nini hasa, na nani anaweza kuisaini?

Ni ahadi rasmi, fomu iitwayo Annexe 3bis, ambayo ndugu anaisaini kwenye komini anakoishi Ubelgiji. Kwa sahihi hiyo anakubali kubeba gharama za malazi, matibabu na za kurudishwa kwenu, na dola ya Ubelgiji inaweza kumdai kwa muda wa miaka 2. Si barua ya upendo. Mwambieni mapema uzito wake, hasa kama mnakwenda watu watano.

Anayeruhusiwa ni Mbelgiji, au mgeni mwenye haki ya kukaa bila kikomo. Hapa ndipo mafaili mengi yanapoangukia: binamu mwanafunzi mwenye kadi ya kukaa ya mwaka mmoja mmoja hawezi kusaini, hata akiwa na nyumba nzuri na kazi ya jioni. Inabidi atafutwe ndugu mwingine.

Atapeleka kitambulisho chake, uthibitisho wa mapato (kwa kawaida fiche za mshahara za miezi 3 ya mwisho), na majina yenu jinsi yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuzaliwa na anwani. Mtumieni picha ya ukurasa wa pasipoti, msimsomee majina kwa simu. Kila komini ina ada yake na siku zake. Ikishapigwa muhuri, ile ya asili ndiyo inayosafirishwa hadi Lubumbashi. Nakala ya WhatsApp haipokelewi. Mkabidhini mtu anayekuja kwa ndege, au kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia.

Ndugu yetu ni mtoto wa baba mdogo. Kwenye barua tuandike kaka?

Hapana. Nyumbani ni kaka na hakuna wa kubisha. Lakini afisa anaweka akti mbili mezani na kulinganisha majina ya wazazi. Akikuta baba wawili tofauti mahali mlipoandika ndugu wa damu, haoni desturi yetu, anaona uongo, na uongo mmoja unachafua karatasi zote. Andikeni ukoo hatua kwa hatua: baba wa mwombaji na baba wa mwenyeji ni watoto wa babu fulani, kisha muambatanishe akti zinazoonyesha hivyo. Ukoo wa mbali haukatazwi.

Mtoto hana akti ya kuzaliwa. Inawezekana?

Inawezekana, ila si kwa wiki moja. Kuzaliwa kunatakiwa kuandikishwa kwenye ofisi ya hali ya kiraia ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, unaomba hukumu (jugement supplétif) kwenye Mahakama ya Watoto, unapata cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa, ndipo komini, iwe Kampemba, Katuba, Ruashi au nyingine, inaandika akti. Baada ya hapo bado kuhalalisha kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, kisha upande wa Ubelgiji. Wekeni hukumu, cheti na akti pamoja. Akti pekee iliyotoka mwaka huu kwa mtoto wa miaka tisa huzua maswali.

Majina hayafanani kila karatasi. Ni shida kubwa?

Ndiyo, na ndiyo shida ya kawaida kuliko zote. Kabwe kwenye pasipoti, Kabue kwenye akti. Postnom (jina linalofuata nom, kabla ya prénom) limerukwa kwenye diploma. Au ndugu aliyeko Brussels ameandikwa kule postnom likiwa sehemu ya jina la kwanza, wakati kwenye akti yake ya Lubumbashi limekaa katikati. Tandazeni karatasi zote mezani jioni moja, na msome herufi kwa herufi: nom, postnom, prénom, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kosa la komini lirekebishwe na komini. Kosa dogo lisilorekebishika lifafanuliwe kwa barua fupi ndani ya faili, kabla halijaulizwa.

Mama anasafiri na watoto, baba anabaki kazini. Inatakiwa nini?

Ruhusa ya mzazi anayebaki, yenye sahihi iliyothibitishwa na mamlaka, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Iwe na majina ya watoto, tarehe, mahali wanakokwenda na wanakaa kwa nani. Tengenezeni za asili mbili: moja inabaki kwenye faili la visa, nyingine mnaishika mkononi, kwa sababu watu wa DGM (idara ya uhamiaji) kwenye uwanja wa ndege wa Luano wanaiuliza, na polisi wa Ulaya pia. Baba akiwa amefariki, ni akti ya kifo. Kama wazazi wametengana, ni hukumu ya nani anamlea mtoto.

Gharama ni kiasi gani, na tuonyeshe pesa ngapi?

Ada ya visa tangu 11 Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12, na chini ya miaka 6 ni bure. Hairudishwi visa ikikataliwa. Baba, mama na watoto wa miaka 14, 9 na 4: 90 mara tatu, 45, na 0, yaani yuro 315, kabla ya ada nyingine za huduma.

Pesa ya kujikimu: kiwango cha Ubelgiji ni yuro 45 kwa siku kwa anayefikia kwa mtu binafsi, na yuro 95 kwa anayelala hoteli. Prise en charge iliyokubaliwa huziba pengo hilo, lakini relevé (taarifa za akaunti) za benki za miezi 3 zenye uhai zinasaidia sana. Kuweka dola 8,000 kwenye akaunti wiki moja kabla ya rendez-vous ni ujanja unaojulikana na kila afisa. Mshahara unaoingia na kutoka kila mwezi, hata mdogo, unaaminika kuliko furushi lililodondoka jana.

Sisi ni wafanyabiashara, hatuna fiche de paie.

Leteni kinachoonyesha kwamba biashara ipo na inawangoja: RCCM (usajili wa biashara) au patente (leseni ya biashara ndogo), namba ya kodi na risiti za kodi, mkataba wa kukodi duka au ghala, relevé za benki. Certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) ya nyumba au kiwanja ni nzuri. Mwajiriwa alete attestation de service (barua ya mwajiri kwamba yuko kazini) na barua ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Watoto walete barua ya shule inayosema wameandikishwa mwaka unaofuata. Zote zinajibu swali moja lililo kichwani mwa afisa: watu hawa watarudi kwa sababu gani?

Prise en charge ipo. Bima ya nini tena?

Ni lazima. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na ilipe matibabu ya dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani. Tarehe zake zifunike safari yote; ongezeni siku chache mbele kwa ajili ya ndege kuahirishwa. Ndugu anaweza kuinunua akiwa Ubelgiji na kuwatumia.

Tununue tiketi kabla ya visa?

Msilipe. Reservation ya kwenda na kurudi inatosha.

Njia ipi ni nzuri kutoka Luano?

Kwa familia yenye watoto, Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa ndiyo njia nyepesi, maana shirika hilo hilo linafika Brussels na mizigo inakwenda moja kwa moja. Kenya Airways inawapeleka Nairobi, halafu Ulaya mnatua Amsterdam au Paris na kumalizia kwa ndege nyingine au treni. Mkipita hivyo, polisi wa mpaka ni wa Amsterdam au Paris, kwa hiyo karatasi zote ziwe tayari huko. Visa bado inaombwa kwa Ubelgiji, kwani ndiko mnakokaa siku nyingi. Njia ya Kinshasa ina ndege za moja kwa moja hadi Brussels, lakini ndege ya ndani ikichelewa na tiketi zikiwa mbili tofauti, hasara ni yenu. Mkiichagua, laleni Kinshasa usiku mmoja.

Ulizeni kama Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege) imo ndani ya tiketi. Hata mkiambiwa imo, tengeni dola 60 kwa kila kichwa, noti safi zisizochanika hata pembeni. Mnajua noti yenye kovu inavyotazamwa kwetu.

Kadi ya njano inatakiwa Ulaya?

Ubelgiji haiulizi. Inaulizwa njiani, na hasa mnaporudi Kongo. Tangu 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inahesabiwa ya maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Iwekeni ndani ya pasipoti, si kwenye sanduku.

Chakula gani tunaweza kubeba?

Nyama na maziwa: hapana kabisa. Nyama ya kukausha, ya pori, soseji, jibini, hata kidogo cha zawadi. Forodha ya Zaventem (uwanja wa ndege wa Brussels) inavichukua na faini inaweza kufuata. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki waliokaushwa, ndakala wakiwemo, wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Wafungeni mifuko mitatu ya plastiki mizito, hewa itolewe, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko; harufu ikiingia kwenye nguo za watoto haitoki kwa dobi mmoja.

Matunda na mboga mbichi zinataka cheti cha afya ya mimea. Nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani tu ndivyo vimesamehewa, kwa hiyo embe na avoka za uwanjani kwenu ziacheni. Sombe (majani ya muhogo) msihangaike nayo: Matonge, mtaa wa Wakongo huko Brussels, wanaiuza imegandishwa, na unga wa bukari upo.

Kikanda husahaulika na wengi. Kinatengenezwa kwa viazi vya okidi za porini, na okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bila kibali ni kosa, sawa na kitu chochote cha pembe ya ndovu. Msipokee pia kifurushi cha jirani kilichoshonwa tayari. Kifunguliwe mbele yenu, au kibaki.

Polisi wa Zaventem wanauliza nini?

Mnakwenda kwa nani, anwani gani, siku ngapi, mnarudi lini. Bahasha moja kwenye begi la mkononi iwe na nakala ya prise en charge, bima, tiketi ya kurudi, ruhusa ya mzazi, na namba ya simu ya mwenyeji iliyoandikwa kwenye karatasi, maana simu yenu huenda haina mtandao. Mwenyeji awe macho na simu mkononi. Wakimpigia asipokee, mnangoja. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuandikisha wageni kwa kompyuta na picha ya uso badala ya muhuri, hivyo siku zenu zinahesabiwa bila kukosea. Mkibeba yuro 10,000 au zaidi taslimu, mnatangaza forodha.

Mwenyeji akishindwa kuwapokea, kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe. Hadi Bruxelles-Central ni kama dakika 20.

Tukishafika kuna karatasi nyingine?

Ipo, na watu wanaisahau kwa furaha ya kuonana. Mgeni asiyelala hoteli anatakiwa kujitangaza kwenye komini ya mwenyeji ndani ya siku 3 za kazi: ni déclaration d'arrivée. Nendeni na pasipoti, bima na prise en charge. Komini nyingine zinataka rendez-vous ya intaneti, basi mwenyeji aichukue kabla hamjapanda ndege.

Laini ya simu ya kulipia kabla inasajiliwa kwa pasipoti, kama kwetu.

Tutakaaje nyumbani kwa ndugu bila kumchosha?

Nyumba nyingi ni apatimenti, na sakafu yako ni dari ya mtu. Kuanzia saa 22:00 kelele ni kosa, na jirani huita polisi bila kugonga mlango kwanza. Watoto wavue viatu ndani.

Taka zina mifuko ya rangi: nyeupe kwa mabaki, bluu kwa chupa za plastiki, makopo na boksi za maziwa, njano kwa karatasi, na ya rangi ya machungwa kwa mabaki ya chakula, ambayo ni lazima Brussels tangu 15 Mei 2023. Chupa za kioo zinapelekwa kwenye pipa kubwa mtaani. Mfuko unatolewa jioni ya siku yake tu. Ukitupwa barabarani siku nyingine wakaukuta na bahasha yenye anwani, faini inamfikia mwenyeji baada ya ninyi kuondoka.

Maji ya bomba yananyweka. Kuoga maji ya moto dakika 30 kila mtu, watu watano, ni bili. Zungumzeni pesa siku ya kwanza, si ya mwisho: familia ya wageni ilipe soko la wiki, mwenyeji abebe nyumba. Ndugu wa Bulaya hasemi kwa heshima, ila anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Wiki 3 ni nzuri. Wiki 8 kwenye vyumba viwili, undugu wenyewe unalegea.

Nguo gani?

Julai Brussels ni karibu kama Lubumbashi ya kipwa (kiangazi): mchana wa wastani, jioni koti jepesi, ila na mvua. Giza huingia karibu saa 22:00, funikeni dirisha watoto walale. Saa ni ile ile ya kwetu majira hayo. Desemba jua linazama kabla ya saa 17:00, baridi huwa chache tu juu ya sifuri, na saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Makoti mazito msiyanunue kwetu. Maduka ya mitumba ya huko yana mazuri zaidi kwa bei ndogo.

Watoto tuwapeleke wapi?

Watoto wasiotimiza miaka 12 hawalipi treni wakiwa na mtu mzima, basi bahari ya Oostende inafikika. Atomium, mita 102, ilijengwa kwa maonyesho ya 1958.

Kwa wakubwa, nendeni Tervuren, jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, kwa tramu 44 kutoka Montgomery ikipita msituni. Lilifunguliwa upya Desemba 2018, na Jumatatu limefungwa. Someni kwanza kilichotokea hapo 1897: Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watazamaji, saba wakafa. Makaburi yao yapo pembeni ya kanisa la Tervuren, matembezi mafupi tu. Halafu Matonge, Ixelles, kwa samaki na kusuka nywele. Hapo Porte de Namur kuna Square Patrice Lumumba, iliyozinduliwa 30 Juni 2018. Mtoto wa Lubumbashi, aliyekulia karibu na mahali Lumumba alipouawa 17 Januari 1961, ana la kuuliza hapo.

Tunaweza kupita Paris au London?

Paris ndiyo, visa ni ile ile. Pasipoti zote mkononi. London hapana bila visa ya Uingereza, na visa yenu ya Schengen ikiwa ya kuingia mara moja, mkitoka hamrudi.

Mtu akiugua?

112 kwa dharura. Daktari wa zamu usiku na wikendi ni 1733. Pigieni kampuni ya bima kabla ya kulazwa, kama hali inaruhusu, na tunzeni kila risiti. Dawa za presha na sukari zibebwe za safari nzima, ndani ya boksi zake, na ordonnance (karatasi ya daktari).

Tunaweza kuongeza siku?

Kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Visa inaweza kuwa ya siku 30 tu: someni mstari wa muda wa kukaa, si tarehe za mwanzo na mwisho peke yake. Kuongezewa ni kwa sababu nzito, kama hospitali, na ombi linapelekwa komini kabla siku hazijaisha.

Visa imekataliwa. Tufanye nini?

Someni sababu iliyowekewa alama. Ikiwa ni kusudi la safari halikueleweka, au nia ya kurudi haikuthibitika, faili jipya lenye karatasi zilizokosekana mara nyingi lina maana kuliko kesi. Rufaa ipo, kwenye Conseil du Contentieux des Étrangers huko Brussels, ndani ya siku 30, lakini inataka wakili na haiwahi likizo. Faili lile lile lililorudishwa bila kubadilishwa linarudi na jibu lile lile, na ada nyingine imekwenda.

Tunarudishiwa kodi ya vitu tulivyonunua?

Ndiyo, manunuzi ya zaidi ya yuro 125 katika duka moja, mkiomba fomu ya tax free hapo hapo kwa pasipoti. Forodha ya Zaventem inathibitisha fomu kabla hamjakabidhi masanduku, kwa sababu wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe. Fikeni masaa manne kabla ya ndege.